Somo: Kusomea fiziotherapia ukitokea Mwanza (soma mpaka mwisho ndipo uulize)

Mwangaluka wakuu. Kila NECTA wakitoa matokeo ya kidato cha nne, simu yangu haipumui. "Kaka, nataka kuwa msaidizi wa fizio, nianzie wapi?" Nimejibu mpaka vidole vinauma, kwa hiyo leo naandika mara moja. Atakayeuliza tena namtumia uzi huu.

Kabla ya yote tuelewane. Kuna mhudumu anayesukuma machela na kushika mgonjwa akiambiwa ashike, na kuna mtaalamu mwenye stashahada ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Somo hili ni la huyo wa pili.

Hatua ya 1: Sifa. Kidato cha nne, ufaulu usiopungua D nne kwenye masomo yasiyo ya dini, Kemia, Biolojia na Fizikia zikiwemo. Stashahada ni miaka 3, ngazi ya 4 hadi ya 6 ya mafunzo ya ufundi (NTA).

Hatua ya 2: Chuo. Pakua kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivi, cha mwaka unaoomba. Usitumie cha mwaka juzi ulichorushiwa WhatsApp. Sasa angalia mambo mawili, si moja: chuo kimesajiliwa? Na KOZI HII imesajiliwa chuoni hapo? Vyuo vya afya viko tele, lakini kuwa na uuguzi au utabibu hakumaanishi kuwa na fiziotherapia. Ukiambiwa "wewe lipa ada, kozi inakuja muhula ujao", chukua vyeti vyako uondoke. Hospitali ya KCMC kule Moshi, yenye chuo chake, ndiko wengi wetu tunakotazama. Basi unalipandia stendi ya Nyegezi.

Hatua ya 3: Kaone kazi kwanza. Nenda idara ya fiziotherapia hospitalini, Bugando au nyingine, ujitambulishe kwa mkuu wa idara, uombe kukaa siku moja utazame. Utaona kijana wa bodaboda anajifunza kukunja goti lililotoka kwenye plasta, mama kabeba mtoto mwenye mtindio wa ubongo, mzee wa kiharusi. Ukichoka mapema siku hiyo, umeokoa ada.

Hatua ya 4: Vifaa. Raba zisizoteleza, koti, saa yenye mshale wa sekunde, tepu ya fundi cherehani, goniometa ya kupimia nyuzi za viungo.

Hatua ya 5: Anatomia. Usikariri msuli kama jina la mtaa. Kila msuli jiulize unaanzia wapi, unashikia wapi, neva gani inauamrisha, unafanya nini, kisha uuguse kwenye mwili wako. Ukijua neva inayopita nje ya goti, pale juu ya mfupa mwembamba wa muundi, utaelewa kwa nini plasta iliyobana hapo inamwacha mtu akiburuza vidole vya mguu.

Hatua ya 6: Kumhamisha mgonjwa toka kitandani hadi kitimwendo. Hapa sifupishi. Kwenye mtihani wa vitendo ndipo wanafunzi wanapoanguka, na wodini ndipo mgonjwa anapoumizwa na mtu mwenye nia njema. Chukua mgonjwa wa kiharusi, kushoto kumelegea. Kiti kinakaa kulia kwake, upande wenye nguvu, kimeelekezwa kidogo kitandani, nyuzi 30 hadi 45. Breki ZOTE MBILI. Vikanyagio vya miguu vikunje au vitoe, maana hivyo ndivyo vinavyochana muundi. Tazama dripu na mpira wa mkojo viko wapi kabla hujagusa mtu. Mlaze ubavu, shusha miguu, mkalishe ukingoni, halafu SUBIRI. Aliyelala siku nyingi akiinuliwa ghafla presha inashuka, anatoka jasho, macho yanageuka, na wewe umebaki na kilo themanini mikononi. Zungumza naye dakika moja au mbili, muulize kama anaona kizunguzungu. Nyayo zote ziguse sakafu, avae viatu. Mkanda mpana wa kumshikia kiunoni mwake, goti lako lizuie goti lake lililolegea lisikunjike. Mwambie ainamie mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu, ndipo mhesabu pamoja na kusimama. Geuka naye kwa hatua ndogo, asikie kiti nyuma ya miguu yake, kisha ashuke taratibu.

Tahadhari: USIMVUTE MKONO. Wala usimnyanyue kwa kwapa. Misuli inayoshikilia kichwa cha mfupa wa mkono begani imelala. Ukivuta, bega linashuka, na maumivu yake yatamkatisha mazoezi kwa miezi. Usikubali pia akukumbatie shingoni. Akilegea, anakwenda chini na shingo yako. Na wafundishe ndugu wa mgonjwa hayo hayo, kwa sababu wewe ukitoka saa tisa na nusu wao ndio watakaombeba.

Hatua ya 7: Faili. Mgonjwa kasema nini, umepima nini, unaonaje, utafanya nini. Andika siku hiyo hiyo. "Mgonjwa anaendelea vizuri" si taarifa.

MASWALI

Kijana wa Igoma: Mkuu somo zuri, ila hujasema kozi ni miaka mingapi na sifa zake.

Jibu: Hatua ya 1.

Kijana wa Igoma: Nimeona. Na mkopo je?

Jibu: Hilo ni swali. Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha baadhi ya stashahada mwaka wa masomo 2023/2024, za afya zikiwemo. Kila mwaka wanatoa mwongozo wake wenye orodha ya kozi, usome wa mwaka wako.

Mzee wa Pembeni: Miaka mitatu kusomea kuchua watu? Bibi yangu Magu alikuwa anachua kwa mafuta ya samli na watu wanapona.

Jibu: Shikamoo mzee. Bibi apumzike kwa amani kama hayupo. Lakini nikupe mtu aliyevunjika paja, daktari kamwekea chuma, unajua ni lini akanyage kwa uzito wote na lini aguse tu kwa kidole? Ukikosea chuma kinakatika. Hapo samli haisaidii.

Mzee wa Pembeni: Marahaba. Sikukusudia ugomvi.

Binti Nansio: Samahani kaka, mimi ni mfupi na nina kilo 48. Nitaweza kuinua wagonjwa kweli?

Jibu: Karibu sana dada, swali lako limewasumbua wengi wasiothubutu kuuliza. Kazi hii si ya kuinua, ni ya kumfanya mgonjwa ainuke mwenyewe kwa kadiri anavyoweza. Pandisha au shusha kitanda kiwe usawa unaokufaa, sogea karibu naye, kunja magoti si mgongo, tumia mkanda. Kinachosaidia zaidi ni ile pua kuvuka vidole: uzito wake ukija mbele, makalio yananyanyuka yenyewe. Na jifunze kusema "naomba mtu wa pili" bila aibu. Nimeona wanaume wa kilo tisini wakiumia mgongo kwa sababu waliona aibu kuita mwenzao.

Binti Nansio: Asante kaka. Na kitanda kikiwa cha nyumbani, hakipandi wala hakishuki? Baba mkubwa ana kiharusi, kitanda chake kiko chini mno.

Jibu: Wekeni matofali chini ya kila mguu wa kitanda, yenye shimo ili mguu uingie usiteleze. Kimo kizuri ni pale akikaa ukingoni, magoti yako chini kidogo ya nyonga na nyayo zimekanyaga sawasawa. Na kitanda kikae upande ambao akishuka anashukia kwenye nguvu yake. Mkimlaza, mkono mlegevu uwekwe juu ya mto, usining'inie.

Dogo Mamtoni: Oya, Marekani wanalipa vizuri hao wasaidizi wa fizio. Nikimaliza hapa naenda moja kwa moja?

Jibu: Hapana. Kule msaidizi anasoma kama miaka 2 kwenye programu iliyoidhinishwa na CAPTE, chombo chao cha kukagua mafunzo ya fizio, anafanya mtihani wa taifa uitwao NPTE, kisha anaomba leseni ya jimbo anakotaka kufanya kazi. Kila jimbo lina bodi yake, na aliyesoma nje anakaguliwa vyeti kwanza. Isitoshe, kule msaidizi hafanyi tathmini ya kwanza wala hapangi matibabu. Anatekeleza mpango wa fiziotherapisti anayemsimamia.

Dogo Mamtoni: Kwa hiyo connection haisaidii?

Jibu: Soma tena nilichoandika.

Mkazi wa Bugarika: Mimi si mwanafunzi, nimevunjika mguu, natembelea magongo. Kwetu ni mlimani, ngazi za mawe tupu. Kupanda naanza na mguu gani?

Jibu: Pole ndugu. Kupanda, mguu mzima kwanza, kisha mbovu na magongo. Kushuka, magongo na mguu mbovu vinatangulia, mzima unafuata. Uzito ubebwe na viganja, si kwapa. Ukilalia kwapa utabana neva na mkono utakufa ganzi. Kagua pia raba za chini ya magongo, zikiisha jiwe lenye unyevu litakupeleka chini.

Fundi Mwaloni: Huo mkanda wa kiunoni unauzwa wapi? Nashona maturubai hapa Kirumba, naweza kutengeneza.

Jibu: Sasa umeongea! Upana wa vidole vinne au vitano, turubai maradufu, kingo zilizokunjwa zisikwaruze, vishikio viwili nyuma na kimoja kila ubavu, kifungio kisichoachia kikivutwa. Ushone mishono ya msalaba kwenye vishikio. Ujaribu kwa mtu mzima mwenye afya kabla ya kumfunga mgonjwa.

Kijana wa Igoma: Kamba ya manila nayo si inafaa?

Jibu: Haifai. Inakata ngozi.