Punda jike aliyezoea kuzaa tu: mpangie bei kabla hujafika sokoni

Punda jike wa miaka minane, mnene, mpole, ameshazaa watoto watatu, na hajawahi kufungwa mkokoteni hata siku moja. Muuzaji anadai bei ileile ya punda anayeteka maji kila asubuhi. Wengine hudai zaidi, "kwa sababu huyu ni mzazi". Mnunuzi naye shida yake ni maji, majani ya ng'ombe na magunia ya viazi. Hapo ndipo wengi hulipa pesa za punda wawili na kurudi nyumbani na nusu punda.

Ukitafuta punda wa kazi, anza na bei ya punda anayejua kazi, kisha ondoa kila kitakachokugharimu kumfikisha huyu kwenye kazi hiyo. Uzazi wake usiuhesabu isipokuwa kama kweli umekusudia kuzalisha na una mahali pa kuwaweka watoto.

Kuna sababu bei hizi zimechanganyikana. Kuanzia 2016 Kenya iliruhusu machinjio ya punda, yakafika manne, na ngozi zikawa zinapelekwa China kutengenezewa ejiao, dawa ya kienyeji ya huko. Sensa ya 2009 ilikuwa imehesabu punda takriban milioni 1.8 nchini; ile ya 2019 ilikuta takriban milioni 1.2. Februari 2020 serikali ilitangaza marufuku ya kuwachinja, Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitengua, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa wakakubaliana kusitisha biashara ya ngozi za punda barani. Katika misukosuko hiyo punda jike mwenye uwezo wa kuzaa alipanda thamani, na wapo waliokusanya majike wakiwafuga kwa ajili ya watoto peke yake. Sasa baadhi ya majike hao wanauzwa. Mmoja ana bei tatu kichwani mwa dalali: ya ngozi, ya uzazi na ya kazi, na dalali hodari atakurusha kutoka moja hadi nyingine kabla chai haijapoa.

Hajui kazi kwa kiasi gani?

Maneno "hajazoea kazi" hufunika mambo tofauti sana. Yuko punda jike wa Kajiado au Narok aliyebeba mitungi ya maji mgongoni na vyombo vya boma wakati wa kuhama. Huyo hajui mkokoteni, lakini anajua kamba, mzigo, barabara na sauti ya mtu anayemwongoza. Kumfundisha kuvuta ni suala la wiki chache kwa mtu mwenye subira. Yuko mwingine aliyefugwa uani, anashikwa bila shida, lakini hajawahi kuwekewa kitu mgongoni. Na yuko aliyekaa malishoni miaka yote, ambaye kumshika ni lazima akimbizwe hadi kona ya ua na vijana watatu. Tofauti ya bei kati ya wa kwanza na wa tatu, kwa maoni yangu, inapaswa kuwa kubwa kuliko tofauti inayoletwa na miaka kadhaa ya umri.

Maelezo ya muuzaji yasikilize, kisha mjaribu punda mwenyewe. Mwombe mwenye punda amshike wewe ukitazama. Asifungwe tayari kabla hujafika. Ukimkuta amefungwa, omba afunguliwe kisha ashikwe upya. Mwongoze kwa kamba umtoe machoni pa wenzake, maana punda wengi wanaoonekana wapole zizini hukataa kabisa kuondoka peke yao. Inua miguu yote minne, mmoja mmoja. Mwekee gunia tupu mgongoni, kisha tikisa mtungi mtupu karibu naye. Akishtuka si kosa, punda mwenye akili lazima ashtuke. Unachotazama ni muda anaochukua kutulia: akirudisha masikio mbele na kunusa lile gunia, una mwanafunzi. Akiendelea kurusha mateke au akaganda kama mti huku macho yamemtoka, kazi yako itakuwa ndefu.

Jambo moja ambalo wanunuzi hulisahau: punda aliyechoka, mwenye kiu au mgonjwa naye huonekana mpole. Punda huficha maumivu kuliko mnyama yeyote wa kufugwa ninayemjua. Kabla ya kusifu utulivu wake, hakikisha umemwona akila na kunywa.

Meno, mgongo na lile tumbo

Fungua midomo utazame meno ya mbele ya chini. Jozi ya katikati hubadilika akiwa na miaka miwili na nusu hivi, inayofuata mwaka mmoja baadaye, na ya pembeni akikaribia miaka minne na nusu. Kwa hiyo ukikuta meno yote ya mbele ni ya ukubwani, ana miaka mitano au zaidi. Baada ya hapo unakisia kwa kuchakaa kwa meno na jinsi yanavyolala kuelekea mbele, na makisio hayo yana kosa la miaka kadhaa. Ambaye meno yamelala sana ni mzee, hata kama muuzaji anaapa kwamba alizaliwa mwaka wa uchaguzi. Kati ya miaka minne na kumi na miwili mimi simpunguzii bei kwa ajili ya umri. Zaidi ya hapo napunguza, kwa sababu miezi utakayotumia kumfundisha italipwa na miaka michache ya kazi.

Punda jike aliyezaa mara kadhaa mara nyingi ana mgongo uliobonyea na tumbo lililoning'inia. Mgongo wa namna hiyo haufai kubeba shogi, yaani makapu ya mzigo yanayoning'inia pande mbili za mgongo, kwa hiyo kama unaishi mahali kama Lamu mjini, ambako vichochoro vinataka punda wa kubeba mgongoni, mwache. Kwa mkokoteni anaweza kufaa, ilimradi miguu ni mizima na hatembei kwa kuchechemea. Kumbuka pia kwamba punda wa kwetu ni mdogo. Mwenye kilo 130 hivi, mzigo wake wa mgongoni ni mitungi miwili ya lita 20. Ukinunua kwa matumaini ya mitungi minne, bei yoyote utakayolipa ni ghali.

Kwato zichunguze kuliko unavyochunguza uso. Punda asiyefanya kazi, aliyekaa kwenye udongo laini, kwato hazichakai. Hurefuka na kupinda mbele kama viatu vya sultani. Kwato ndefu kidogo hukatwa na fundi na kurekebishika kwa awamu chache za wiki sita hadi nane. Zikiwa zina nyufa hadi juu, au zina mistari ya mviringo na punda anakanyaga kwa kisigino akiogopa ncha, kuna uwezekano amewahi kuugua uvimbe wa ndani ya kwato. Huyo simshauri mtu kumnunua kwa kazi hata akipewa nusu bei.

Shika shingo yake juu, penye manyoya. Ikiwa nene, ngumu, imeinama upande mmoja, hayo ni mafuta ya siku nyingi. Kwa macho ya wengi unene ni afya. Kwa punda jike asiye na kazi ni hatari, na nitaeleza sababu mbele kidogo.

"Tena ana mimba"

Sentensi hii hutolewa mwishoni, bei ikiwa imekwama. Tumbo lililoning'inia si ushahidi. Daktari wa mifugo mwenye uzoefu na punda anaweza kupima, ingawa upimaji wa kuingiza mkono unahitaji uangalifu kwa mnyama mdogo kiasi hiki. Bila kipimo, mimba hiyo ina thamani ya sifuri kwenye mazungumzo.

Na ikithibitishwa? Fanya hesabu ya miezi. Mimba ya punda huchukua takriban miezi 12, pengine hadi 14. Katika miezi mitatu ya mwisho hafai kuvuta mzigo. Akizaa, anahitaji angalau miezi mitatu ya kunyonyesha bila kazi, na mtoto huachishwa ziwa akifikisha miezi sita hivi. Ukimnunua akiwa na mimba ya miezi minane na bado hajui kazi, utakayemlisha leo ataanza kukuvutia maji karibu mwaka mzima baadaye, na kabla ya hapo utakuwa umekodi punda wa jirani. Mtoto naye ataguswa na kazi nyepesi akiwa na miaka mitatu, kazi kamili akifika minne. Kwa mnunuzi wa kazi, basi, mimba hupunguza bei. Kwa mzalishaji ni kinyume, na huyo ndiye anayepaswa kulipa bei ya mzazi. Ukiwa na haja ya maji na muuzaji ana mzalishaji mlangoni, mwachie huyo mzalishaji.

Uliza vilevile kwa nini mzazi mzuri anauzwa. Mwenye kuzalisha haachi jike anayeshika mimba kila mwaka bila sababu. Karo ya shule ni sababu ya kweli, ukame pia. Lakini huenda ameharibu mimba mara mbili mfululizo, au humtupa mtoto. Kwako wewe wa mkokoteni haya si kasoro, bali ni hoja ya kumwambia muuzaji kwamba bei ya uzazi imekwisha.

Hesabu yenyewe

Nenda mnadani wiki moja kabla, bila pesa, uone punda waliofunzwa wanauzwa vipi. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Weka za kwenu. Tuseme punda aliyefunzwa, mzima, anauzwa shilingi 24,000. Huyu wako anahitaji miezi mitatu kabla hajategemewa. Chakula cha ziada, 3,000. Mtu wa kumfundisha, au siku zako mwenyewe ambazo ungefanya kibarua, 3,000. Kukata kwato, dawa ya minyoo na chanjo ya pepopunda, 1,500. Kukodi punda wa kuteka maji katika miezi hiyo, 3,000. Jumla ni 10,500, kwa hiyo hata mambo yakienda sawa kabisa thamani yake kwako ni 13,500.

Lakini mambo huweza yasiende sawa. Wapo majike wakubwa ambao hukubali kila kitu isipokuwa magurudumu yanayogonga nyuma yao. Kwa hatari hiyo ondoa kitu: elfu moja kwa yule aliyewahi kubeba shogi, elfu nne au tano kwa yule wa kukimbizwa konani. Kwa yule bora kabisa utaanza kutaja 9,000 au 10,000, na 12,500 ndiyo ukuta, bei usiyoivuka. Iandike namba ya ukuta kwenye karatasi kabla ya kuondoka nyumbani. Kelele za mnada zina namna ya kuongeza elfu mbili bila mtu kutambua.

Njia ninayoipenda zaidi ni kumwambia muuzaji, kwa heshima: "Mzee, mfunze wewe, avute mkokoteni mtupu kutoka hapa hadi barabarani, nami nitarudi nikulipe bei ya punda wa kazi." Wengine hukubali, na nyote mnafaidi. Akikataa akisema ni kazi kubwa, amekwisha kukuambia mwenyewe kazi hiyo ina thamani.

Ukikubaliana, usilipe bila barua ya chifu au ushahidi mwingine wa umiliki, kwa sababu wizi wa punda uliongezeka sana wakati wa biashara ya ngozi na punda wa wizi hurudiwa na mwenyewe. Chukua pia kibali cha kusafirisha mifugo kutoka ofisi ya mifugo. Picha ya punda, muuzaji akiwa amesimama naye, haigharimu chochote.

Kuhusu mafunzo nitasema machache. Anza na kamba na kuguswa mwili mzima, kisha ukanda wa kifuani ulioviringishwa kitambaa laini, kisha avute tairi kuukuu kwenye uwanja mpana ili azoee kitu kinachomfuata, na mkokoteni uwe wa mwisho, mtupu, ikiwezekana pamoja na punda mzoefu. Nira ya ng'ombe haimfai. Punda huvuta kwa kifua, hana nundu ya kushikilia mti. Akiwa kwenye joto, jambo linalojirudia kila wiki tatu hadi nne, atatafunatafuna hewa na kuwatazama madume kuliko barabara. Siku hizo mpe somo fupi.

Sasa ule unene. Punda jike mnene, hasa mwenye mimba au anayenyonyesha, akitenganishwa ghafla na mwenzake aliyemzoea, akasafirishwa na kukataa kula, mwili huanza kuyeyusha mafuta yake kwa kasi, yakajaa kwenye damu na kuharibu ini. Wengi hufa kwa hili ndani ya siku chache, na mnunuzi husema alirogwa au aliuziwa mgonjwa. Kwa hiyo uliza kama ana mwenzake wa karibu, na kama pesa zinaruhusu wanunue wote wawili kwa bei ya pamoja. Ni heri kuliko mmoja mzuri anayelia usiku kucha. Usimpunguze chakula ghafla ili akonde. Muombe muuzaji gunia la majani aliyoyazoea, uyachanganye na ya kwako kwa wiki mbili, na kazi ya mafunzo isianze kabla hajala vizuri. Akikaa siku nzima kichwa kimeinama bila kugusa chakula, mpigie daktari wa mifugo jioni hiyohiyo.