Ampu mbili, gitaa moja

Wapiga gitaa wa Moshi na Arusha, ukiunganisha gitaa kwenye ampu (amplifaya) mbili ukasikia sauti imekuwa nyembamba na besi imepotea, usikimbilie kuongeza besi. Mara nyingi spika ya ampu moja inasukuma wakati ya pili inavuta, basi zinafutana. Zima ampu moja, ichomoe kwenye umeme, badilishanisha nafasi za nyaya mbili za spika yake, kisha sikiliza tena ukiwa mbele ya zote mbili. Besi ikirudi, umemaliza.

Na ukisikia mvumo wa umeme kwenye spika je? Chomeka ampu zote mbili kwenye ekstensheni moja. Mvumo ukiendelea, tafuta kigawanyaji (kifaa kinachogawa sauti ya gitaa kwenda ampu mbili) chenye transfoma ndani. Waya wa ethi (unaokulinda usipigwe na umeme) usiukate, hata fundi wa ukumbini akiapa ndiyo dawa. Volti 230 hazina utani.