Mtoto Hasemi? Mletee Ungo wa Maharagwe

Hapa Busia, upande wa Uganda, nalea watoto watatu: wangu wawili na binti wa kaka yangu, wote kati ya miaka 11 na 14. Mimi si mwalimu, nauza vitenge sokoni.

Kijana wangu alipofika darasa la sita alianza kununa. Nikamkalisha mbele yangu, macho kwa macho: "Haya, una nini?" "Sina kitu." Nikamfokea, na wageni wanasikia. Siku tisa nzima hakunipa zaidi ya salamu.

Sasa nafanya hivi. Jioni nikishafunga kibanda, namwita tuchambue maharagwe. Tunakaa bega kwa bega, ungo katikati, macho yetu yakitafuta mawe. Simuulizi lolote. Naanza na yangu: mteja aliyekataa chenji ya shilingi ya Kenya, viatu vinavyonibana. Mara nyingi maharagwe huisha hajasema neno, basi, tunabandika sufuria. Siku moja akauliza, "Mama, mtu akinuka kwapa ni mgonjwa?" Hapo usicheke, wala usigeuke kumtazama. Mkono uendelee kuchambua. Nikamwambia ni balehe, aoge kwa sabuni asubuhi na jioni, fulana asiirudie. Kimya. Kisha likaja swali lenyewe: mbona wenzake sauti zimekuwa nzito, yake bado?

Ukweli ni kwamba wasichana wengi huanza kubadilika kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14. Watoto wa dawati moja wanaweza kuachana kwa miaka kadhaa, na aliyechelewa huteseka kimyakimya. Mwambie mapema, pamoja na habari za ndoto nyevu, asije akadhani amekojoa kitandani.

Binti naye asingoje kuvunja ungo ndipo aelezwe. Waganda kazi hiyo humpa ssenga, shangazi upande wa baba. Sisi ni Wasamia, lakini kwa huyu wa kaka yangu ssenga ni mimi. Nilimwonyesha kwa mikono: kitambaa kinavyokaa kwenye chupi, kinavyofuliwa, na kwamba kinaanikwa juani kikauke kabisa. Wengi wanaficha chini ya godoro kwa aibu, ndiyo wanavaa kibichi.

Kuchelewa kulala nako msikuite uvivu tu. Umri huu usingizi wenyewe huja umechelewa. Simu naichukua saa tatu usiku, na tumegombana sana juu ya hiyo simu.

Alichokuambia usikipeleke sokoni. Ila usimwahidi siri ya kila kitu: akikuambia kuna mtu mzima anamshikashika, hilo halibaki kwenye ungo. Piga 116, simu ya watoto, ni bure.

Kama kwako hamli maharagwe, menyeni matoke, au mpe baiskeli muioshe pamoja.