Sasipensheni inayoshika kona bila kuvunja mgongo

Gari lililoshushwa likirukaruka kwenye lami yenye viraka, lawama hutupiwa springi. Mara nyingi springi hazina kosa. Shokapu ndiyo iliyoishiwa nafasi ya kubonyea, na uzito wote wa gari unatua juu ya mpira wa stopa, ule unaozuia shokapu isibonyee hadi mwisho. Ndiyo maana hapa tunaanza na nafasi ya kubonyea, halafu springi, halafu shokapu, na mengine yanafuata. Anayeanza kwa kuchagua gari lilale chini kiasi gani ndiye anayenunua mara mbili.

Haya yanahusu gari dogo la kawaida lenye springi za koili. Springi za mabamba na za upepo zina hesabu zake.

Hatua ya 1: Maliza ubovu kwanza

Kagua upepo wa matairi, bushi (mipira ya viungo), bolijointi (viungo vya duara), maunti za juu za shokapu, na linki za stabilaiza (fimbo inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia). Bushi iliyokatika ikifungiwa shokapu ngumu itagonga zaidi ya mwanzo, na utadhani umeuziwa shokapu mbovu.

Hatua ya 2: Pima nafasi ya kubonyea

Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayoamua kama gari litakuwa zuri. Usiagize kitu chochote kabla ya kuimaliza.

Inua kifuniko cha vumbi cha shokapu hadi fimbo ionekane. Ifunge kwa ukanda wa plastiki wa kufungia nyaya, ule unaojikaza wenyewe. Ukaze kiasi cha kutelezeka kwa kusukumwa, usiwe wa kuanguka wenyewe, kisha uteremshe hadi uguse mdomo wa mwili wa shokapu. Rudisha kifuniko kikiwa kimekunjwa juu. Kama shokapu imefungwa kichwa chini, alama iweke pale fimbo inapoingia.

Sasa, gari likiwa limesimama chini kwa matairi yake manne, likiwa na mzigo na abiria unaowabeba siku zote, pima umbali kutoka mdomo wa mwili wa shokapu hadi ncha ya chini ya mpira wa stopa. Usipime likiwa kwenye jeki. Likining'inia, kipimo kinakuwa kirefu kwa sentimita kadhaa, na hesabu yote inayofuata inakuwa ya uongo. Andika namba ya kila kona, kwa sababu kushoto na kulia hutofautiana.

Endesha barabara zako za kawaida kwa mwendo wako wa kawaida. Ukirudi, ukanda utakuwa umesukumwa juu ya fimbo. Umbali kati yake na mwili wa shokapu ndio mbonyeo mkubwa kuliko wote uliotokea safari hiyo.

Chukua mfano. Kuna milimita 55 hadi kwenye stopa, na ukanda umepanda 48. Gari liko salama, limebakiwa na 7. Sasa unataka springi zinazoshusha gari milimita 30 na zenye ugumu wa asilimia 30 zaidi. Nafasi inabaki 25. Tuseme, kwa ukarimu, kwamba springi ngumu itapunguza mbonyeo ule wa 48 kwa uwiano uleule: 48 gawanya kwa 1.3 ni 37. Shokapu inataka 37 na ipo 25. Milimita 12 zinaingia ndani ya mpira, na mpira huo ukibanwa ugumu wake hupanda haraka kuliko springi yoyote utakayoinunua. Mshtuko unaousikia kiunoni unatoka hapo. Ukishusha 15 tu inabaki 40, na hesabu inatoshea.

Kuna mitego kadhaa katika kusoma namba hizi:

- Magari mengine yametoka kiwandani na stopa ndefu ya povu laini, inayoguswa karibu tangu gari likiwa limesimama. Hapo pengo la milimita 10 au 20 si ubovu. Mpira huo umehesabiwa kama springi ya pili, kwa hiyo angalia ukanda umeingia umbali gani ndani yake. Ukipita nusu ya urefu wa mpira mara kwa mara, usishushe gari hilo bila shokapu fupi.
- Stopa si lazima iwe kwenye fimbo. Inaweza kuwa ndani ya springi, au kwenye chesisi juu ya lowa amu (mkono wa chini unaoshika tairi). Itafute kabla ya kuamua kwamba haipo.
- Mwendo wa shokapu si mwendo wa tairi. Kwenye mfumo wa MacPherson, ambapo shokapu ni nguzo inayoshika tairi moja kwa moja, hukaribiana sana. Kwenye amu mbili au mkono wa nyuma, shokapu inaweza kwenda milimita 0.6 kwa kila 1 ya tairi. Hapo milimita 40 za shokapu ni takriban 67 za tairi. Kimo cha kushusha hutajwa kwenye tairi, kwa hiyo kigeuze kabla ya kutoa.
- Kukata stopa ili kupata nafasi ni dawa mbaya. Ile ilikuwepo ili tairi lisigonge fenda na pistoni isigonge vali ya chini. Kata tu pale mtengenezaji wa springi ameandika ukate, na pete ngapi.

Usisahau upande wa pili. Gari likiinuliwa, springi fupi juu ya shokapu ndefu inaweza kulegea na kutoka kwenye kikalio chake. Hiyo haikubaliki kabisa. Springi lazima ibaki imeshikwa hata tairi likining'inia.

Hatua ya 3: Chagua ugumu wa springi kwa hesabu

Maneno kama "spoti" kwenye boksi hayana kipimo. Kipimo ni mara ngapi mwili wa gari unapanda na kushuka kwa sekunde, yaani Hz. Chukua uzito unaobebwa na tairi moja, toa uzito wa tairi, breki na habu (kilo 40 hivi kwa gari dogo), kisha:

Hz = kipeuo cha pili cha (ugumu kwenye tairi kwa N/m, yaani nyutoni kwa mita ÷ kilo) ÷ 6.28

Kilo 320 juu ya 20 N/mm, yaani 20,000 N/m, ni takriban 1.26 Hz: gari la familia. Ukipanda hadi 35 N/mm ni 1.66. Ukifika 60 N/mm ni 2.18, na hapo kwa barabara ya kawaida umejinunulia mkokoteni. Kwa gari la kila siku lenye kona nzuri mimi husimamia kati ya 1.4 na 1.6.

Ugumu kwenye tairi si ule ulioandikwa kwenye springi. Zidisha ugumu wa springi kwa uwiano wa mwendo (ule wa shokapu kwa tairi wa Hatua ya 2), kisha zidisha tena kwa uwiano huohuo. Uwiano ukiwa 0.6, springi ya 60 N/mm inafikisha 60 × 0.36 = 21.6 tu. Ndiyo maana kunakili namba za springi kutoka gari la aina nyingine ni kupoteza muda. Watengenezaji wengi huandika kg/mm. 1 kg/mm ni 9.81 N/mm.

Springi yako ya sasa haina namba? Pima unene wa waya (d), kipenyo cha nje toa unene wa waya (D), vyote kwa milimita, na hesabu mizunguko iliyo huru (n). Ugumu = 79,000 × d⁴ ÷ (8 × D³ × n). Waya wa 12, D ya 130, mizunguko 5: unapata takriban 18.6 N/mm. Pima waya kwa kalipa baada ya kukwangua rangi. Kosa la nusu milimita kwenye waya hubadilisha jibu kwa asilimia 17 hivi, kwa sababu ya kile kipeo cha nne.

Nyuma iwe na Hz juu kidogo kuliko mbele, kama asilimia 10 hadi 20. Tuta hulipiga tairi la mbele kwanza. Nyuma ikiwa na mwendo wa haraka zaidi huufikia mwendo wa mbele, na gari linaacha kuyumba pua na mkia. Jambo hili lilifafanuliwa na mhandisi Maurice Olley miaka ya 1930, na bado kuna seti zinazouzwa zikiwa na mbele ngumu kupita nyuma.

Hatua ya 4: Shokapu

Kama fedha inatosha kitu kimoja, nunua shokapu nzuri na uache springi za kiwanda. Utapata sehemu kubwa ya utulivu kwenye kona bila kupoteza starehe, na hutagusa kimo.

Shokapu ifuate springi. Ugumu wa springi ukiongezeka kwa asilimia 30, nguvu ya kutuliza inahitaji kuongezeka kwa takriban asilimia 14 tu, maana inafuata kipeuo cha pili. Wanaofunga springi nyepesi pamoja na shokapu za mbio huwa wameruka hapo.

Mirija miwili au mmoja? Ya mirija miwili ina msuguano mdogo, huvumilia kubonyezwa na jiwe, na kwa starehe inatosha kabisa. Ya mrija mmoja ina gesi ya shinikizo kubwa, hupoa haraka na hujibu mwendo mdogo wa usukani, lakini mrija wake ukipata denti pistoni hukwama. Gesi yake pia husukuma gari juu milimita chache.

Kwa majina: Bilstein B6 ni ya kimo cha kiwanda, B8 imefupishwa kwa springi fupi. Kuweka B6 na springi za kushusha ni kurudi kwenye tatizo la Hatua ya 2. Kwa anayetaka starehe kwanza, Koni Special Active ina vali inayolegea kwenye mitikisiko ya haraka na kushika kwenye ya polepole, na ndiyo ningependekeza kwa gari la familia. KYB Excel-G ni mbadala wa kiwanda; usitegemee mabadiliko makubwa ya kona.

Koilova (shokapu na springi za pamoja ambazo kimo hurekebishwa) za bei ndogo zenye klik 32, yaani hatua za kitasa cha ugumu, naziepuka. Klik nyingi hazimaanishi vali nzuri, na mara nyingi kitasa kimoja hugeuza zaidi upande wa kurudi, yaani shokapu inaporefuka. Ukinunua koilova, chagua zile ambazo kimo hurekebishwa kwa mwili wa chini, siyo kwa kukaza springi. Kukaza kola (pete inayobana springi) hakufanyi springi ya ugumu usiobadilika iwe ngumu zaidi. Hupandisha gari tu, na hula nafasi ya kurudi.

Gari lenye shokapu za umeme likifungwa za kawaida litawasha taa ya onyo. Tafuta moduli ya kuzima onyo kabla ya kufungua boliti ya kwanza.

Hatua ya 5: Stabilaiza, bushi na matairi

Stabilaiza hupunguza gari kulala kwenye kona bila kugusa starehe tairi zote mbili zinapopanda tuta pamoja. Tairi moja likiingia shimoni, iliyo nene hutikisa kichwa cha abiria kushoto na kulia. Ugumu wake hufuata kipenyo kwa kipeo cha nne: kutoka 20 hadi 22 mm ni asilimia 46 zaidi. Ongeza hatua moja tu. Kwa gari linalovutwa na matairi ya mbele, ongeza ya nyuma kwanza, pua itakubali kukata kona.

Bushi za poliyurethini ziweke kwenye stabilaiza na uishie hapo. Kwenye mkono wa nyuma, mpira wa kiwanda unajipinda pande nyingi. Plastiki ngumu inabana, na gari linakuwa kavu bila sababu.

Tairi la 205/55R16 lina ukuta wa milimita 113. Ukibadilisha kuwa 225/40R18 unabaki na 90, na hakuna shokapu itakayokurudishia hizo 23.

Hatua ya 6: Kufunga

Kazi ya spana yenyewe unaijua. Manne tu.

Shokapu ya mirija miwili isimamishe wima, ibonyeze na kuivuta taratibu mara nne au tano kabla ya kuifunga, gesi itoke kwenye mrija wa ndani.

Fimbo usiishike kwa koleo. Mkwaruzo mmoja hukata sili.

Tatu, boliti za bushi za lowa amu zikazwe gari likiwa kwenye kimo chake. Mpira wa bushi umegandishwa kwenye bomba la ndani, kwa hiyo ukikaza tairi likining'inia, bushi inabaki imejikunja siku zote: gari linasimama juu zaidi, linakuwa gumu, na mpira unachanika mapema. Pima kutoka kitovu cha habu hadi ukingo wa fenda gari likiwa chini na sehemu mpya. Kisha inua lowa amu kwa jeki karibu na bolijointi hadi kipimo hicho kirudi, stendi zikiwa mahali pake, ndipo ukaze kwa spana ya torki.

Nne, springi usiibane kwa kamba wala kwa klampu moja. Klampu mbili zinazokabiliana, na nati ya juu haifunguliwi hadi springi ilegee kwenye kikalio.

Hatua ya 7: Kurekebisha

Alaimenti ifanywe springi zikishakaa, baada ya kilomita mia kadhaa. Ukiwa umebadilisha kimo sana, fanya ya muda mara moja, vinginevyo matairi ya mbele yatalika ndani. Kemba (tairi kulala ndani au nje) ya nyuzi −1 hadi −1.5 mbele, too (pua za matairi kuelekea ndani au nje) karibu na sifuri. Kwenye MacPherson, lowa amu ikiwa inapanda kuelekea tairi, umeshusha kupita kiasi: kitovu cha kulala (nukta ambayo mwili wa gari huinamia kwenye kona) kimeshuka zaidi ya kitovu cha uzito wa gari, na gari hulala zaidi ingawa springi ni ngumu.

Shokapu zenye kitasa zianze upande laini kabisa. Ongeza klik mbili, ekseli moja kwa wakati, barabara ileile. Gari likiendelea kuelea baada ya tuta, ongeza. Likishuka kidogokidogo kwenye mfululizo wa mawimbi ya barabara hadi ligonge stopa, upande wa kurudi umezidi: tairi halipati muda wa kushuka kabla ya wimbi lijalo. Punguza klik moja, kisha urudi kwenye ukanda wa plastiki wa Hatua ya 2 uone limefika wapi. Malizia kwa kurekebisha taa za mbele, maana kimo kimebadilika.