Kupima pumzi ya kijana mwenye unene uliopitiliza, hatua kwa hatua

Walimu wa michezo wengi hapa Dar hupima pumzi kwa jaribio la kukimbia mita 20, kwenda na kurudi kwa kufuata mlio. Kijana mwenye unene uliopitiliza simwanzishi hapo. Jaribio lile huanza na kasi ya kilomita 8.5 kwa saa na kuongezeka kila dakika. Atatoka mapema, wenzake wanamtazama, na siku ya pili haji. Mimi huanza na kutembea dakika 6.

Hatua ya 1: Maswali kwanza. Kaa naye na mzazi wake pembeni. Amewahi kuzimia au kubanwa kifua akicheza? Ana pumu? Ana selimundu? Kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa bado kijana? Jibu likiwa ndiyo, aonwe na daktari kabla ya jaribio.

Halafu mtazame anavyotembea. Akichechemea na kusema goti linauma, usimpime kabisa. Kwa vijana wanene, kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza kwenye nyonga, na maumivu yake mara nyingi husikika gotini. Goti litapigwa picha, litaonekana zima, na nyonga itazidi kuharibika. Asitembee tena kwa mguu huo. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na nyonga zote mbili zipigwe picha.

Hatua ya 2: Urefu na uzito. Chumbani, mlango umefungwa, namba isitamkwe kwa sauti. Tumia chati ya WHO ya miaka 5 hadi 19: BMI yake kwa umri (kilo ukigawa kwa urefu wa mita mara urefu huohuo) ikivuka mstari wa +2, huo ni unene uliopitiliza.

Hatua ya 3: Uwanja. Korido ya shule yenye kivuli, sakafu tambarare, urefu wa mita 30. Piga alama za chaki kila mita 3, weka koni kila mwisho. Chupa za maji zilizojazwa mchanga zinatosha. Pima kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi. Joto la Dar na unyevu wake hupandisha mapigo ya moyo, hasa Januari na Februari, kwa hiyo majibu ya saa 8 mchana hayalingani na ya asubuhi.

Hatua ya 4: Kutembea. Akae dakika 10, kisha hesabu mapigo. Mwonyeshe kipimo cha uchovu cha 0 hadi 10, aseme yuko wapi. Mwambie: "Tembea umbali mrefu kadiri uwezavyo, usikimbie. Ukichoka simama upumzike, ila saa haitasimama." Usitembee kando yake, maana atafuata mwendo wako badala ya wake. Kila dakika mwambie muda uliobaki kwa maneno yaleyale na sauti ileile. Ukimshangilia leo na kunyamaza mara ijayo, umeharibu kipimo. Simamisha jaribio kifua kikiuma, akiyumba, akipauka au akikosa pumzi ya kusema.

Hatua ya 5: Hesabu. Akienda na kurudi mara 8 ni mita 480. Akiishia mita 12 baada ya koni, andika 492. Papo hapo hesabu tena mapigo na uulize uchovu. Makadirio ya mapigo ya juu kabisa kwa dakika ni 208 ukitoa 0.7 mara umri: wa miaka 14 ni kama 198.

Hatua ya 6: Majibu. Wenye mashine ya kupima oksijeni anayotumia kijana akifanya zoezi wawe waangalifu. Ukiigawa oksijeni hiyo kwa kilo za mwili, kijana huyu huonekana dhaifu, ilhali jumla ya oksijeni anayotumia inaweza kulingana na ya wenzake au kuizidi. Moyo wake unafanya kazi kubwa, na anastahili kuambiwa hivyo, mama yake akisikia. Usimlinganishe na mwenzake wa darasani.

Rudia baada ya wiki 12: korido ileile, saa ileile, raba zilezile. Uzito ukiwa haujashuka lakini mita zimeongezeka, anza kumpa habari za mita.