Jinsi ya kutofautisha nyuki pori wanaofanana, hatua kwa hatua

Niseme mapema tu, rangi iache mpaka mwisho. Najua ndo kitu cha kwanza jicho linaona, lakini nyuki akishapigwa jua wiki kadhaa manyoya ya kahawia yanakuwa kijivu, mengine yananyonyoka kabisa, na kuna Andrena (jenasi, yaani kundi la spishi ndugu za nyuki) wenye vizazi viwili kwa mwaka ambao kizazi cha kwanza na cha pili havifanani sana ingawa ni spishi moja. Maumbile magumu, yaani ganda, mishipa ya mabawa, taya, pingili za antena, hayo hayapauki.

Vifaa: lenzi ya mkono inayokuza mara 10 inatosha kwa wale wakubwa. Kwa vidogo kama Lasioglossum, ambao wengine hawafiki hata mm 5, bila hadubini ya mara 40 hivi utakuwa unabahatisha. Ongeza pini za wadudu na karatasi nyembamba ile ya kunakilia michoro, utaona kazi yake chini.

Hatua ya 1: Ni nyuki kweli?
Kuna nzi wanaiga nyuki vizuri mno. Nzi ana mabawa mawili, nyuki manne. Antena za hao nzi huwa fupi. Basi, twende.

Hatua ya 2: Jike au dume
Hii wengi wanairuka alafu wanapotea mbele ya safari, maana funguo nyingi za utambuzi (orodha za maswali yanayokufikisha kwenye jina la spishi) zinatenganisha majike na madume tangu mwanzo. Hesabu pingili za antena: karibu nyuki wote, jike ana 12 na dume 13. Tumbo nalo ukilitazama kwa juu, jike anaonyesha pingili 6, dume 7. Sasa kuna kituko kimoja cha Andrena: anaweza kuwa na kimelea kinaitwa Stylops kimejibanza ndani ya tumbo, kichwa chake kinachungulia kati ya pingili mbili. Kwa spishi ambazo madume wana uso wa njano, jike mwenye kimelea hicho anaweza kuota njano usoni, na manyoya yake ya kubebea chavua yakapungua. Kwa hiyo ukimpata Andrena haeleweki ni jike au dume, kagua tumbo kwanza kabla hujatangaza spishi mpya 😂

Hatua ya 3: Jenasi
Angalia jike anabebea wapi chavua. Akiwa nayo chini ya tumbo, uko kwenye familia ya Megachilidae. Akibebea miguu ya nyuma, linganisha mishipa ya bawa na ufunguo wako. Halictus na Lasioglossum wanachanganywa kila siku, na jibu liko tumboni: mistari ya manyoya meupe ya Halictus inakaa mwishoni mwa pingili, ya Lasioglossum inaanzia mwanzoni mwa pingili, kama inatokea chini ya ile iliyotangulia. Jike asiye na manyoya ya kubebea kabisa anaweza kuwa mwizi wa viota vya wengine (Sphecodes, Coelioxys), au ni Hylaeus, ambaye anaimeza chavua na kwenda nayo tumboni.

Hatua ya 4: Mwanga, alafu vishimo
Hapa ndo kazi yenyewe. Ganda la nyuki lina vishimo vidogo vidogo, na spishi mbili zinazokaribiana mara nyingi zinaachana hapo tu. Ukimmulika na taa moja kwa moja ganda linang'aa na vishimo vinapotea, kwa hiyo zungushia ile karatasi kati ya taa na nyuki, mwanga utulie. Utashangaa, kitu ulichoona ni cheusi laini kinageuka kuwa kimejaa vishimo na katikati yake kuna mikwaruzo myembamba kabisa. Sasa uliza: nafasi kati ya kishimo na kishimo ni ndogo kuliko upana wa kishimo chenyewe, au ni kubwa hata mara mbili? Na hiyo nafasi inang'aa au imefifia? Tazama katikati ya pingili ya kwanza ya tumbo na katikati ya mgongo wa kifua, usihukumu kwa pembeni maana huko vinabadilika. Ufunguo ukikuambia "vishimo vya wastani" hiyo haikusaidii kitu mpaka uweke nyuki wawili waliokwisha kutambuliwa pembeni.

Hatua ya 5: Uwiano, sio ukubwa
Bombus (wale nyuki wanene wenye manyoya mengi) wa kiota kimoja wanaweza kutofautiana ukubwa sana, kwa hiyo milimita peke yake haisemi kitu. Pima kwa kulinganisha. Bombus hortorum na Bombus lucorum wote wana njano na mkia mweupe, lakini hortorum ana uso mrefu: kutoka chini ya jicho mpaka taya ni parefu kuliko upana wake. Lucorum uso wake ni wa mviringo zaidi.

Hatua ya 6: Viungo vya uzazi vya dume
Vinatisha ila vinatoa majibu mazuri kuliko kitu chochote. Dume aliyekauka mlaze usiku kucha kwenye kiboksi kilichofungwa chenye tishu ya maji, alainike. Kunja ncha ya pini ndogo iwe ndoana, vuta taratibu kutoka mwisho wa tumbo, acha vikauke vikiwa nje. Usivikate.

Hatua ya 7: Ua na tarehe
Ulaya kuna nyuki watatu wa jenasi Colletes wanaofanana kweli: succinctus anapenda maua ya jamii ya Calluna na Erica, halophilus yuko mwambao kwenye Tripolium, na hederae, aliyepewa jina 1993 tu, anatoka mwishoni mwa msimu kwenye Hedera. Ua linasaidia, ila halifungi kesi, hasa kwa dume aliyekuja kunywa nekta tu.

Hatua ya 8: Jua pa kuishia
Wafanyakazi wa Bombus lucorum, cryptarum na magnus huwezi kuwatenganisha kwa jicho kwa uhakika, hata ukiwa fundi, hapo ni DNA (mguu mmoja unatosha). Andika "kundi la lucorum" na usione aibu. Kwenye pini weka lebo mbili: moja ya mahali, tarehe, ua na aliyemkamata, nyingine chini yake ya jina la spishi, nani ametambua na mwaka gani. Atakayekuja na jibu lingine aongeze ya kwake chini, ya kwako isitolewe.