Kabla Data Zako Hazijaombwa: Mwongozo kwa Mkazi wa Nakuru

Wengi wakisikia kwamba serikali inaweza kuzifikia data zao, huwaza afisa aliyejifungia chumbani akipekua simu zao. Mara nyingi njia ni fupi kuliko hiyo: serikali huziomba data kwa kampuni inayozihifadhi. Kwa hiyo, jua kwanza nani anahifadhi nini kukuhusu.

Anza na laini. Bonyeza *106# uone nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwenye duka la kampuni husika ikaondolewe, kwa maana uchunguzi wowote wa nambari hiyo utaanzia kwa jina lako.

Kisha iandikie kampuni yako ya simu, ya intaneti au ya mikopo: "Naomba nakala ya data zangu zote mnazozihifadhi, na orodha ya mliowapa." Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki hiyo, na kanuni za 2021 zinataka ujibiwe ndani ya siku 7 bila malipo. Wakinyamaza, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo hupewa siku 90 kuchunguza. Usitarajie kufunuliwa kila kitu, kwa kuwa sheria hiyo hiyo imeacha mwanya wa usalama wa taifa na wa amri za mahakama. Kwa maoni yangu, mwanya huo ni mpana mno.

Polisi nao wanafungwa na sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018: afisa anayetaka kampuni itoe data zako huomba amri mahakamani, ingawa anaweza kuiagiza kwa notisi tu izitunze zisifutwe kwa siku 30. Akija na kibali cha kuchukua simu au kompyuta yako, usimzuie. Omba kukisoma, angalia kimetaja kifaa gani, mpigie wakili, kisha udai orodha ya vilivyochukuliwa.

Ujumbe wa WhatsApp umesimbwa njiani, yaani umegeuzwa usisomeke na mwingine, lakini nakala rudufu (backup) iliyoko kwenye akaunti yako ya Google haijasimbwa vivyo hivyo mpaka wewe mwenyewe uwashe usimbaji katika mipangilio ya soga. Ukilisahau nenosiri unaloliweka hapo, kisha simu ikapotea, nakala hiyo haifunguki tena, basi liandike mahali salama.

Limebaki duka la saiba. Hivi majuzi, katika duka moja karibu na kituo cha matatu mjini Nakuru, nilifungua folda ya faili zilizopakuliwa nikitafuta fomu yangu, nikakuta vyeti vya kodi vya watu wasiopungua sita, majina na nambari za kitambulisho zikiwa wazi. Kompyuta hiyo ikichukuliwa kwa kibali kwa kosa la mtu mwingine, vyeti hivyo vitakwenda nayo. Kabla hujainuka kitini, futa faili yako, safisha pipa la taka la kompyuta, na uondoke kwenye kila akaunti uliyoifungua.